Mtoto anakaribia miezi 6, bibi yake kaleta unga wa muhogo, nianze na chakula gani? (Mtwara)

mamaNasri, Chikongola

Habarini za humu ndani wapendwa. Mi ni mama wa mtoto mmoja ndo wa kwanza, ana miezi mitano na nusu na akitimiza sita naanza kumlisha kama walivotuelekeza kliniki. Mpaka leo ni ziwa tu, hapo nimesimama kwelikweli maana niliporudi kazini (nauza duka la mtu hapa mjini) maneno yalikuwa mengi, mara mtoto ana kiu mpe maji, mara anaangalia midomo ya watu wakila mpe uji, nikakataa.

Sasa mama mkwe yuko hapa katoka Tandahimba kuja kunisaidia na namshukuru sana maana bila yeye nisingeweza kurudi dukani. Kaja na kiroba cha unga wa makopa, yani muhogo uliokaushwa, anasema watoto wake wote mpaka baba Nasri wamekuzwa na uji wa muhogo na wako wazima. Jirani nae anauza unga wa lishe, humo kuna mahindi, mchele, ngano, ulezi, mtama, soya, karanga, korosho, mbegu za maboga na dagaa, vyote vimesagwa pamoja, anasema huo ndo unanenepesha. Mwenzangu wa kazini ananiambia ninunue blenda na vile vyakula vya kopo vya watoto. Mi hela ya blenda sina, friji sina, napikia mkaa na gesi kidogo, na nyumbani chakula chetu ni cha kawaida tu, ugali au wali, samaki akipatikana, mbaazi, matembele, kisamvu. Na mama mkwe mwezi huu huu anarudi kuokota korosho kwaiyo atakaelisha mchana ni binti anaenisaidia, nataka kitu ambacho hata yeye ataweza.

Afu kuna hili linaninyima usingizi. Kliniki iliyopita mstari wa uzito kwenye kadi haujapanda kama miezi ya nyuma, umelala. Nesi kaniambia niongeze kunyonyesha nirudi nae tena, ila huku mtaani nimesikia wanasema nimembemenda mtoto, yani nimelala na mume wangu nikiwa nanyonyesha ndo maziwa yakaharibika. Imeniuma sana jamani maana mtoto huyu ndo roho yangu. Naombeni mnisaidie kwa moyo mmoja.

dada_Nachingwea

Pole sana mama Nasri, na hongera kwa kufika hapo na ziwa tupu, wengi wanaachia kwenye mwezi wa tatu.

Naanza na hilo la uzito kwasababu ndo kubwa. Maneno ya kubemenda yaache nje mdogo wangu, tendo la ndoa haliharibu maziwa wala halimdhuru mtoto, na ubaya wa neno lenyewe ni kwamba mama anaona aibu kwenda kliniki wakati kliniki ndo pa kwenda. Angalia umerudi kazini lini na mstari umelala lini, nadhani utakuta vinafuatana. Mtoto aliyekuwa ananyonya mchana kutwa sasa ananyonya asubuhi na jioni, na ziwa lisiponyonywa linapunguza kutengeneza. Kwaiyo usiku mlaze pembeni yako anyonye kila anapotaka, asubuhi kabla hujatoka mnyonyeshe mpaka ashibe halafu ukamue na ya kuacha. Kamua kwa mkono kwenye kikombe kilichochemshwa kina mfuniko, kaa pale ndani penye ubaridi, kwa joto la Mtwara usivuke masaa manne, na anyweshwe kwa kikombe kidogo siyo chuchu maana chuchu ya chupa bila friji wala maji ya moto ya kutosha inaleta kuharisha.

Lingine, sheria ya kazi ya 2004 inampa mama anaenyonyesha mpaka masaa mawili kwa siku ndani ya muda wa kazi ya kwenda kumnyonyesha mtoto. Duka la mtu nalo ni ajira. Chikongola na mjini siyo mbali, muombe bosi wako kwa adabu, hata huyo binti akikuletea mtoto dukani mchana mara moja ni kitu kikubwa.

Na uliza kwa upole sana kama mchana anapewa maji au uji wakati haupo. Simsemi vibaya mama mkwe, wazee wetu wanafanya kwa mapenzi, ila tumbo lile dogo likijaa maji halina nafasi ya maziwa. Na akichemka mwili hata kidogo mpeleke akapimwe malaria siku hiyohiyo, mikoa yetu hii ya kusini malaria ipo mwaka mzima na inakula damu ya mtoto kimyakimya. Chandarua hata kwenye usingizi wa mchana.

Bi Somoe, Mikindani

Mwanangu mama Nasri, salamu. Mimi ni bibi, wajukuu nimeshalea wengi, nami uji wa muhogo nimelisha kwaiyo sitakwambia mkweo ni mjinga. Lakini nisikilize. Zamani tulivyolea kwa muhogo hatukulea kwa muhogo mtupu. Uji ulipikwa kwa tui la nazi au korosho iliyotwangwa, na mtoto alikaa mapajani kwa bibi yake akiwekewa nyama ya samaki mdomoni, mchuzi wa mbaazi, mchicha. Sasa hivi watu wameshika ule uji wameacha vile vya pembeni. Muhogo peke yake ni wa kushibisha, mtoto anajaa tumbo afu hakui, nywele zinakuwa nyepesi nyekundu.

Pia muulize mkweo kwa heshima huo muhogo ni mtamu au mchungu, na makopa yaliloweshwa au yalianikwa tu juani. Yeye anajua, mtu wa Tandahimba haulizwi mara mbili. Sisi muhogo mchungu tunalowesha majini siku tatu nne mpaka ulainike ndo tunaanika. Wenye haraka, hasa mwaka wa njaa, wanamenya wanakatakata wanaanika wanasaga, huo unalevya.

kijana_wa_Ndanda

Naunga mkono Bi Somoe na naomba hili lisipitwe haraka. Muhogo mchungu una sumu inayotoa sainaidi. Kuanika juani tu bila kulowesha hakuitoi yote. Kuna ugonjwa unaitwa konzo, miguu inakakamaa ghafla na hairudi tena, unapata zaidi watoto na wanawake walio kwenye umri wa kuzaa, na unakuja pale watu wanapokula muhogo mchungu usioandaliwa vizuri wiki nyingi mfululizo bila samaki, nyama wala kunde za kutosha. Siyo habari ya mbali, wagonjwa wamepatikana mkoani kwetu Mtwara miaka ya mwanzo ya 2000, na wenzetu wa Msumbiji ng'ambo ya Ruvuma wanaujua muda mrefu.

Kama unga upo tayari nyumbani na hujui uliandaliwaje, ipo njia nyepesi. Unga unaukorogea maji kwenye beseni mpaka ulowane wote uwe kama tope zito, unautandaza mwembamba sana kwenye mkeka safi, unene usizidi sentimita moja, unauacha juani masaa mawili au kivulini matano. Sumu inapaa na hewa. Baada ya hapo unasonga ugali siku hiyohiyo, usiulaze. Haigharimu kitu na ladha haiharibiki. Hiyo ni kwa ugali wa nyie wakubwa. Mtoto wa miezi sita mimi nisingemuanzishia muhogo kabisa, kuna nafaka zinazomfaa zaidi, muhogo ataukuta mbele ya safari akishakuwa anakula na mboga za kutosha.

Na kisamvu vilevile kina sumu hiyo, kitwangwe vizuri na kichemke muda mrefu sufuria ikiwa wazi.

baba_wawili, Lindi mjini

Nizungumzie unga wa lishe wa jirani maana kwetu tumeupitia na mke wangu. Vitu kumi kwenye unga mmoja vinasikika vizuri ila fikiria, karanga, korosho, soya na mbegu za maboga zote zina mafuta, zikishasagwa zikakaa kwenye mfuko wiki kadhaa kwenye joto hili zinachacha, unasikia ile harufu kama ya mafuta ya zamani. Pia huwezi kuona kilichosagwa. Karanga moja iliyooza au mahindi yenye ukungu yakishaingia mashineni yamepotea machoni, na hapo ndo sumukuvu, ile sumu ya ukungu, inapopita. Sumukuvu haifi kwa kuchemsha uji. 2016 kule Dodoma na Manyara watu walipoteza maisha kwa mahindi yenye sumukuvu, na kwa mtoto kiasi kidogo kila siku kinahusishwa na kudumaa.

Na jambo la tatu, mtoto akipata upele au kuharisha utajua ni kipi kati ya vile kumi?

Sisi tunanunua ulezi peke yake au mahindi, tunapembua kwenye ungo punje kwa punje, tunaosha tunaanika tunasaga kidogo wa wiki mbili. Karanga au korosho tunazitwanga siku ya kupika zinaingia kwenye uji ukiwa jikoni. Unajua umempa nini.

mama_lishe_Masasi

Samahani baba wawili, mimi nasaga unga wa lishe na nauza, na si wote tunaosaga mbegu mbovu. Wateja wangu wanakuja na kuona ninavyopembua. Mama anaetoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi hana muda wa kutwanga korosho, unga umemsaidia.

baba_wawili, Lindi mjini

Dada yangu wala sikukulenga wewe na kazi yako naiheshimu. Ila hata wewe ukimsagia nafaka moja na kunde moja iliyokaangwa, karanga ukamfungia pembeni, si atapata vyote viwili, wepesi na usalama? Mteja akiambiwa sababu ataelewa.

mama_lishe_Masasi

Hilo la karanga kufunga pembeni nakubali, na nitalifanya. Soya mimi nachemsha kwanza namenya ndo nakausha nakaanga, wanaosaga soya mbichi waache jamani inasumbua tumbo la mtoto. Mama Nasri ukinunua popote uliza imesagwa lini, nusa, na ukiona muuzaji hataki kukuonyesha mbegu zake ondoka.

mamaNasri, Chikongola

Nimesoma yote nimelia kidogo jamani, asanteni. Nimemuuliza mama mkwe, kasema muhogo ni ule mchungu na ulianikwa tu kwasababu mvua ilikuwa karibu, kisha mwenyewe kasema basi tuutandaze kama alivyosema kijana, kumbe na yeye anakumbuka wazee wakikataza watoto wasipewe. Na maji ya mchana nimeuliza kwa upole, akasema alikuwa anampa kidogo joto likizidi, ataacha. Bosi kanipa ruhusa binti aniletee mtoto mchana.

Sasa nisaidieni hiyo siku yenyewe ya kwanza, na ratiba ambayo binti ataiweza. Na mimi mwenyewe nina kizunguzungu nikiinuka, nakunywa chai ya rangi sana dukani, sijui inahusiana?

dada_Nachingwea

Mungu ni mwema, hapo kwenye maji tayari umepata nusu ya jibu la uzito.

Chakula cha kwanza kisikutie wasiwasi. Huhitaji blenda, unahitaji sufuria ndogo, mwiko, uma wa kupondea na chujio, na kibakuli chake mwenyewe ili ujue amekula kiasi gani (akila sinia moja na wakubwa huwezi kujua). Kosa linalofanyika nyumba nyingi ni uji maji. Uji ukimwagika kwenye kijiko ni maji yaliyotiwa rangi, tumbo lake ni dogo kama ngumi yake, likijaa maji hapati nguvu. Uji uwe mzito ukae kwenye kijiko ukikiinamisha. Ukiona mzito unamshinda, pata kimea cha ulezi, yani ulezi ulioloweshwa ukachipua ukakaushwa ukasagwa, kijiko kimoja cha chai kwenye uji wa moto ukakoroga ukaurudisha jikoni uchemke, unalainika wenyewe bila kuongeza maji.

Siku za mwanzo vijiko viwili vitatu mara mbili kwa siku, baada ya kunyonya, polepole mnaongeza mpaka nusu kikombe cha robo lita, na mara mbili zinakuwa tatu. Akifika miezi tisa ni mara tatu mpaka nne na vya kutafuna katikati. Ziwa linaendelea mpaka miaka miwili au zaidi, hakuna kumwachisha kwasababu ameanza kula.

Kwa binti mpangie hivi. Asubuhi wewe mwenyewe unamnyonyesha na unapika uji wa ulezi wenye kijiko cha unga wa dagaa au korosho iliyotwangwa. Dagaa mchele wa hapohapo sokoni, waoshe mchanga utoke kabisa, waanike, wakaange kavu bila mafuta, twanga uchekeche, weka kwenye kopo lenye mfuniko. Epuka ng'onda na samaki wa chumvi kwa mtoto. Mchana atoe kwenye chungu cha nyumbani kabla hamjatia chumvi na pilipili: mbaazi zilizochemka mpaka zikavurugika zikapondwa na kuchujwa maganda, na boga au viazi vitamu vya njano na tui jepesi la nazi. Siku nyingine samaki, shuka Feri pale wanapouza samaki asubuhi uchukue changu au kibua mbichi, mchemshe, binti atoe miba kwa vidole vyake na apitie mara mbili, aponde na wali laini na mchicha. Yai liive mpaka kiini kigumu. Maini kipande kidogo mara moja kwa wiki, yana damu hayo. Jioni ukirudi unamlisha wewe, na ndo muda wa kumuangalia usoni na kuongea nae. Papai lililoiva au embe (zimeanza hizi) liwe karibu kila siku kwasababu vitamini C inasaidia mwili kuchukua madini chuma ya kwenye mboga na mbaazi.

Kilichopikwa asubuhi kisikae mpaka jioni, kwa joto hili hata thamosi haisaidii. Mikono kwa sabuni, ya binti na ya mtoto. Akishaanza kula hiyo miezi sita ndo anaruhusiwa maji, yaliyochemshwa. Asali hapana kabisa mpaka mwaka mmoja upite hata kama ni ya dawa ya kikohozi, chumvi na sukari hazihitaji, na chai hata ya maziwa asipewe.

Na akifika miezi sita muulizie tone la vitamini A kliniki, miezi tisa chanjo ya surua na rubela na hapohapo uliza chandarua. Akiharisha ni ORS (ile dawa ya pakiti ya kuchanganya na maji) na zinki, na chakula hakisimami.

Kwako wewe kizunguzungu usikichukulie juu juu, kapime damu na malaria siku ya kliniki, na kama ulipewa vidonge vya kuongeza damu ukaviacha waambie. Chai ndiyo inahusiana, inazuia mwili kuchukua madini chuma, iache kwenye mlo, kunywa saa moja mbili baadae. Kwenye mlo wako weka mabibo, yale matunda ya mkorosho, msimu ndo huu yamejaa hayana hata wa kuyaokota na yana vitamini C kuliko chungwa. Mabibo freshi nasema, siyo uraka, ile pombe yake.

kijana_wa_Ndanda

Naongeza dogo kwa mama. Chumvi ya nyumbani angalia pakiti iwe imeandikwa ina madini joto. Huku pwani tuna mashamba ya chumvi Lindi na Mtwara na ile ya kupimiwa kwenye kopo mara nyingi haijawekwa. Mtoto unamnyima chumvi lakini madini joto anayapata kupitia maziwa yako, na yanahitajika kwa ubongo wake.

mamaNasri, Chikongola

Dada Nachingwea hii nimeinakili kwenye daftari la binti neno kwa neno. Swali moja la mwisho, korosho kwa mtoto mdogo hivi haina shida? Kuna anaeniambia zinaleta mzio na zinakaba.

Bi Somoe, Mikindani

Punje nzima hapana mwanangu, wala kipande, mpaka afike miaka mitano, hilo la kukaba ni kweli. Twanga mpaka iwe laini kabisa kama unga ulioloa. Tumia iliyobanguliwa na kukaangwa, ganda lisifike karibu na mtoto, mafuta yake yanaunguza ngozi.

Siku ya kwanza mpe kidogo ncha ya kijiko, iwe asubuhi wewe ukiwepo nyumbani, na siku hiyo usimpe kitu kingine kipya. Ukiona midomo inavimba, mwili unatoka mabaka, anatapika au anahema kwa shida, usingoje wala usimpe dawa ya nyumbani, mkimbize hospitali. Asipopata kitu, endelea mara kwa mara kwa wiki.

Namna ninayopika mimi: korosho kiganja kimoja twanga, mimina maji ya moto nusu kikombe, kamua kwa chujio unapata tui zito. Matembele yaoshe uyakatekate madogo sana, yachemshe kwa maji kidogo mpaka yalegee, mimina tui, koroga moto mdogo mpaka lishikane. Mpakulie mtoto hapo, umpondee pamoja na viazi. Kisha kinachobaki sufuriani tia chumvi, nyanya na ndimu, muanze kula na ugali wenu wa mtama. Mkweo kabla hajaondoka mwambie akufundishe ya kwake, watu wa Tandahimba wana mkono wao kwenye korosho na wanatia kwenye mboga ambazo sisi wa pwani hatutii.

mamaNasri, Chikongola

Ameshaniambia, ya kwake anatia kwenye mlenda na samaki mkavu aliyelowekwa chumvi ikatoka. Tunapika Jumapili. Nikirudi kliniki nitawaletea habari ya uzito.